Kutafuta Sheria ya Afya na ya Utawala Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa nikisaidia watu kwenye meza ya msaada wa kisheria kwa miaka kadhaa, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo wanayoniuliza zaidi. Wengi si mawakili. Ni wauguzi, wenye maduka ya dawa, wanafunzi wa sheria, na ndugu wa wagonjwa waliochoka kuzungushwa. Mifano mingi inatoka Kenya na Tanzania kwa sababu huko ndiko wanakotoka walioniuliza.

Nina tatizo na hospitali. Sheria ya utawala inanihusu nini?

Inakuhusu sana, na mara nyingi ndiyo itakayokubeba.

Mtu akija kwetu huja na neno moja: haki. Haki ya kutibiwa, haki ya dawa. Anasema kweli, lakini neno hilo ukiliandika peke yake kwenye hifadhidata ya hukumu utaletewa maelfu ya kesi ambazo hazifanani na yako. Mimi huanza kwa kumuuliza: nani aliamua? Kifungu gani kilimpa mamlaka hayo? Alikusikiliza kabla ya kuamua? Alikuandikia sababu? Muuguzi aliyefutiwa usajili, duka la dawa lililofungwa na mkaguzi, mwanachama wa bima aliyekataliwa kulipiwa upasuaji: wote hawa wamekutana na uamuzi wa kiutawala, na uamuzi wa namna hiyo una masharti yake.

Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inatoa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Pembeni yake kuna Ibara ya 47 inayodai hatua ya kiutawala iwe ya haraka, halali na ya haki, na ibara hiyo ikazaa Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, Na. 4 ya 2015. Kwa hiyo Mkenya ana milango miwili.

Tanzania ni tofauti, na hapa ndipo wengi hupotea. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inataja msaada wakati wa maradhi, lakini imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7(2) imesema mahakama haina uwezo wa kuitekeleza. Anayeegemea Ibara ya 11 peke yake anagonga ukuta. Ibara ya 13(6)(a), yenye haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, haina kizuizi hicho. Tafuta hukumu ya Mahakama ya Rufani katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, iliyoripotiwa mwaka 2003. Ni kesi ya kampuni ya usafirishaji, haihusu hospitali hata kidogo, lakini ndimo Mahakama ilipoeleza kwamba haki ya asili, yaani mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, si kanuni ya kurithi tu, imekuwa haki ya kikatiba. Imenukuliwa mara nyingi mno tangu hapo. Muuguzi aliyefukuzwa bila kuitwa anasimama juu ya kesi ya kampuni ya usafirishaji.

Nianzie tovuti gani?

Kenya, anzia Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Taifa la Uchapishaji wa Ripoti za Sheria. Utakuta hukumu, sheria, kanuni na Gazeti Rasmi mahali pamoja. Tanzania Bara, anzia TanzLII, ambayo iko chini ya Mahakama ya Tanzania. Zanzibar ina ZanzibarLII, na usiiruke, maana afya si jambo la Muungano na Zanzibar ina sheria zake za afya. Uganda ni ULII. Ukitaka kutafuta nchi nyingi kwa mpigo mmoja, nenda AfricanLII.

Lazima nilipe?

Hapana. Zote nilizotaja ni bure. Zipo hifadhidata za kulipia kama LexisNexis, Westlaw na HeinOnline, na chuo chako huenda kinazo, lakini kwa shauri la hospitali ya wilaya sijawahi kuzihitaji.

Niandike nini kwenye kisanduku cha kutafutia?

Andika tukio kwa maneno ambayo jaji angelitumia. Nitakuonyesha kwa mfano mmoja hatua kwa hatua.

Mama mmoja alikuja akisema binti yake amejifungua na amezuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Alikuwa ameandika kwenye simu yake "haki ya mama mzazi" na hakupata kitu. Tukafungua Kenya Law, tukaandika "detention" na "hospital bill", tukachagua Mahakama Kuu. Mambo mengi yakaja, nusu yake yakihusu polisi na mahabusu, kwa sababu neno "detention" ni lao pia. Tukaongeza "maternity". Orodha ikapungua, na juu kabisa tukaona Ombi Na. 562 la 2012, lile la wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Jaji Mumbi Ngugi aliamua mwaka 2015 kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia.

Mama alitaka tuchapishe ukurasa wa kwanza tu, wenye nembo. Nikamwomba asubiri. Ukurasa wa kwanza wa hukumu una majina. Katikati kuna hoja za pande mbili, na hapo watu hunukuu kwa makosa: wanachukua maneno ya wakili wa mlalamikaji wakidhani ni ya jaji. Tulishuka hadi jaji anapoanza kuchambua, kisha hadi kwenye amri za mwisho. Tukaandika namba za aya kwenye karatasi. Barua tuliyoandika kwa hospitali ilikuwa ya ukurasa mmoja, ikiwa na namba mbili za aya. Binti alitoka kesho yake mchana.

Mambo machache ya vitendo: weka alama za kunukuu ukitaka maneno yakae pamoja, kama "medical negligence" au "right to be heard". Ukiwa na namba ya shauri na mwaka, tafuta kwa namba, usitafute kwa jina la mtu. Majina huandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika faili moja. Na ukipata kesi moja nzuri, tazama ni kesi zipi zimeitaja baada yake. Njia hiyo hunipa mengi kuliko kubuni maneno mapya.

Nitafute kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa vyote viwili, ila anza na Kiingereza, kwa kuwa hukumu nyingi za mahakama za juu bado zimeandikwa hivyo. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021, kupitia Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kwenye TanzLII jaribu pia "uzembe", "kusikilizwa", "mapitio ya mahakama" (yaani mahakama kukagua kama uamuzi wa ofisi ya umma ulifuata sheria). Mimi nafurahi kila ninapokuta hukumu ya Kiswahili, kwa kuwa mteja wangu anaweza kuisoma mwenyewe bila mimi kusimama katikati.

Zile herufi na namba kwenye mabano ya mraba zina maana gani?

Ni anwani ya hukumu. Chukua [2002] ZACC 15. Mwaka wa uamuzi ni 2002, ZACC ni Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, na 15 ni namba ya hukumu ndani ya mwaka huo. Kwetu utakutana na KESC, KECA na KEHC kwa Kenya (Mahakama ya Juu, ya Rufaa na Kuu), na TZCA na TZHC kwa Tanzania. Hukumu za Kenya za zamani kidogo zina herufi eKLR badala yake, na zinatosha kunukuliwa.

Herufi hizo zinakwambia uzito pia. Hukumu ya KECA inaifunga Mahakama Kuu, ya KEHC haiifungi KECA. Kabla ya kusoma neno lolote, tazama mahakama gani imesema.

Nimepata hukumu inayonifaa kabisa. Nimemaliza?

Bado, na hapa ningependa unisikilize kuliko popote.

Hukumu ina maisha baada ya siku ilipotolewa. Inakatiwa rufaa, inasitishwa, inatenguliwa, au Bunge linabadilisha kifungu kilichoizaa. Anayesimama kwenye hatua ya kwanza anaweza kupeleka mbele ya hakimu kitu ambacho hakina nguvu tena.

Tazama sheria za afya za Kenya za 2023. Mwezi Oktoba mwaka huo zilitiwa saini sheria nne kwa mkupuo, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyoondoa NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya hospitali) na kuleta SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii). Julai 12, 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba tatu kati yake zinakwenda kinyume na Katiba, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, lakini wakasimamisha makali ya uamuzi wao kwa siku 120 ili Bunge lirekebishe. Septemba 20, Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa uamuzi huo. Oktoba 1, SHA ikaanza kazi. Mtu aliyepakua hukumu ya Julai na kuifunga kwenye faili yake, akaja nayo mwezi wa kumi akisema SHA haipo kisheria, alikuwa na karatasi halisi yenye muhuri halisi, na bado alikosea. Nilikutana na watu watatu wa namna hiyo katika wiki mbili, na mmoja alikuwa ameacha kujiandikisha kwa sababu ya karatasi hiyo huku mkewe akihitaji kusafishwa figo.

Uganda nako, mambo yalikwenda upande wa pili. Shirika la CEHURD, linalotetea haki ya afya, lilifungua Ombi la Kikatiba Na. 16 la 2011 kuhusu wajawazito waliofariki kwa kukosa huduma za msingi. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ililitupa, ikisema hayo ni mambo ya siasa na bajeti ambayo majaji hawaingilii. Ukisoma hapo ukaacha, utaamini mlango umefungwa. Lakini Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ilikataa sababu hiyo na kulirudisha shauri likasikilizwe, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilivunja Katiba kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi za kutosha. Hatua tatu, miaka tisa, majibu mawili yanayopingana, na zote tatu zinapatikana ukizitafuta.

Na wakati mwingine kilichokufa ni kifungu chenyewe. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 kilimfanya mtu anayejua ana VVU awe mkosaji asipowaambia anaokutana nao kimwili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika Ombi Na. 97 la 2010, ilikitangaza kuwa kinyume na Katiba kwa sababu hakieleweki mipaka yake na kinaingilia faragha. Mshauri nasaha mmoja alikuwa bado anawasomea wateja wake kifungu hicho kutoka kwenye nakala ya zamani iliyogongwa chapa miaka ya nyuma. Alikuwa mtu mwema, na nakala yake ilikuwa sahihi neno kwa neno. Ila wanawake wawili walikuwa wameacha kuja kliniki kwa hofu ya kufungwa.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Baada ya kusoma hukumu, ninaitafuta upya katika mahakama ya juu yake, safari hii kwa majina ya wahusika, kwa kuwa rufaa hupewa namba mpya. Ninatafuta maombi ya kusitisha utekelezaji. Kisha ninafungua sheria yenyewe nione kama kifungu kimebadilishwa baada ya tarehe ya hukumu. Hunichukua kama nusu saa, na sijawahi kuijutia.

Nitajuaje kama sheria niliyonayo ndiyo ya sasa?

Tazama tarehe ya toleo, kisha jina, kisha namba ya sura.

Majina hubadilika. Tanzania ilikuwa na TFDA, ikisimamia chakula, dawa na vipodozi. Mwaka 2019 mabadiliko yaliyopitia Sheria ya Fedha yaliigeuza kuwa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba, na chakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Mwenye duka la vipodozi anayetafuta "TMDA" hapati kitu, na anayetafuta kesi za dawa za kabla ya 2019 kwa jina hilo hapati pia. Angalia kwamba mabadiliko makubwa hivyo yalipita kwenye sheria ya fedha. Sheria za kurekebisha sheria nyingine huficha mambo mengi ya afya.

NHIF nayo ni mtego. Kenya ilikuwa na NHIF, Tanzania ina NHIF yake. Ukitafuta AfricanLII bila kuchagua nchi, hukumu zinachanganyika, na nimeona barua ya malalamiko iliyonukuu Kenya kwa mwanachama wa Tanzania.

Namba pia. Sheria ya Afya ya Kenya ilipitishwa kama Na. 21 ya 2017, na sasa utaiona kama Sura ya 241. Ile ya hatua za kiutawala ni Sura ya 7L. Tanzania, toleo la urekebu la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo ukikuta hukumu ya 2015 inataja kifungu fulani, fungua toleo jipya uhakikishe namba bado ni ileile.

Kanuni na matangazo ya serikali ninayapata wapi, na yana umuhimu gani?

Yana umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Sheria mama husema "Waziri aweza kutunga kanuni", na ada, fomu, muda wa kukata rufaa, vigezo vya leseni, vyote viko kwenye kanuni. Mkaguzi akifunga duka lako, karibu kila mara anashika kanuni.

Tanzania zitafute kwa neno GN (Tangazo la Serikali) na namba na mwaka. Kenya ni Tangazo la Kisheria, linaloambatana na Gazeti Rasmi, na yote yako Kenya Law. Kenya kuna hoja moja ambayo mawakili wengi huisahau: chini ya Sheria ya Hati za Kisheria, Na. 23 ya 2013, kanuni inapaswa kufikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inakufa, na kwa kawaida hukoma yenyewe baada ya miaka kumi. Kwa hiyo ukishikwa na kanuni, uliza ilichapishwa lini na ilifikishwa Bungeni lini. Maswali hayo mawili yanajibika kwa kutafuta, na yamewahi kuangusha kanuni zilizoonekana imara.

Miongozo ya wizara na mikataba ya huduma kwa mteja si sheria. Usiitupe, lakini. Mamlaka ikitangaza utaratibu kisha ikauvunja kwako peke yako, unaweza kujenga hoja ya matarajio halali.

Nina muda gani wa kwenda mahakamani?

Mfupi, na utafiti usiumalize. Tanzania, ombi la ruhusa ya kufungua mapitio ya mahakama linatakiwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaolalamikiwa utolewe, kwa mujibu wa kanuni za 2014, GN Na. 324. Kenya, ombi la kutengua uamuzi kwa njia ya Amri ya 53 ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai nalo ni miezi sita, na sheria ya 2015 inataka usichelewe bila sababu. Lakini kabla ya hapo, kifungu cha 9 cha sheria hiyo ya 2015 kinataka umalize kwanza njia za ndani: rufaa kwa bodi, baraza, kamati ya malalamiko. Mahakama inaweza kukusamehe hilo kukiwa na sababu ya kipekee, ila usitegemee msamaha. Tafuta kwanza kama sheria inayokuhusu ina bodi ya rufaa, na siku zake ni ngapi.

Hukumu za nchi nyingine zinanisaidia?

Zinashawishi, hazifungi. Ile [2002] ZACC 15 niliyoitaja ni ya nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama yake, ambapo Mahakama iliamuru serikali ya Afrika Kusini ipanue utoaji wake. Majaji wetu huisoma. Na Kenya ina ya kwake: Ombi Na. 409 la 2009, lililoamuliwa Aprili 2012, ambapo vifungu vya sheria ya bidhaa bandia vilikataliwa pale vilipotishia kuzichanganya dawa halali za bei nafuu na dawa bandia. Tumia ya nyumbani kwanza.

Naweza kuuliza programu ya akili mnemba inipatie kesi?

Inaweza kukupa maneno ya kutafutia. Kesi yenyewe, ifungue kwa macho yako. Juni 2023 mahakama ya shirikisho New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo programu ilizibuni, zikiwa na namba na nukuu zinazopendeza. Kama haifunguki kwenye Kenya Law wala TanzLII, usiiandike.

Hukumu ninayoihitaji haimo mtandaoni. Nifanye nini?

Hutokea sana kwa mahakama za chini, mabaraza ya nidhamu na bodi za rufaa. Kwa mahakama, nenda masijala ukiwa na namba ya shauri, mwaka na kituo. Ukiwa na jina tu utaambiwa urudi kesho. Kwa bodi na hospitali za umma, andika barua ya kuomba taarifa. Kenya ina Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa, Na. 31 ya 2016: ofisi ina siku 21 za kukujibu, na saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, kwa hiyo ikiwa mgonjwa yuko hatarini au amezuiliwa, sema hivyo katika mstari wa kwanza wa barua. Ukinyimwa, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tanzania tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Katika nchi zote mbili, chukua nakala ya pili ya barua yako, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uitunze pamoja na karatasi zako za matibabu.